Zinang'ara kwenye sahani, zikifika kwenye chupa zinalala: mutanti za Trichoderma zinakwama wapi?

#1 Mwanagenzi_Moro

Wakuu, habari. Swali kwa wanaolea kuvu kwa ajili ya vimeng'enya.

Nasaba mzazi ni Trichoderma reesei QM9414, shabaha ni selulasi (vimeng'enya vya kuvunja selulosi) kwa mabaki ya mkonge; naipiga UV nipate mutanti, yaani kuvu waliobadilika jeni, wanaotoa zaidi. Spora za siku 7 kutoka PDA (agari ya viazi), zimesuuzwa kwa maji ya chumvi 0.85% yenye tone la Tween 80, zikachujwa kwa pamba ya kioo kuondoa nyuzi za kuvu, zikahesabiwa na kuwekwa milioni 10 kwa mililita. Mililita 10 kwenye sahani ya sm 9 iliyofunuliwa, taa ya UV ya nm 254, wati 15, umbali sm 25. Dakika 6 zinaua 97%. Zilizopona zikapandwa kwenye agari yenye CMC (selulosi inayoyeyuka majini) 1% na Triton X-100 0.1% ili koloni zisitambae. Siku ya 4 rangi ya Congo red 0.1% dakika 15, ikamwagwa, zikasuuzwa kwa NaCl mola 1.

Katika koloni kama 600, zipo 11 ambazo uwiano wa duara (eneo lililopoteza rangi kuzunguka koloni) kwa koloni ni mara 1.5 ya mzazi au zaidi. Zote zikaenda kwenye chupa: ml 50 za mchuzi wa Mandels (maji ya chumvi za lishe) ndani ya chupa ya ml 250, selulosi ya unga 1%, nyuzi joto 28, mizunguko 180 kwa dakika, siku 7. Matokeo kwa karatasi ya chujio: mzazi ana kama 0.9 FPU (kizio cha nguvu ya selulasi kwenye karatasi hiyo) kwa mililita, tisa zimekaa palepale, mbili ziko chini.

Kwa nini sahani inasema hivi na chupa inasema vile?

#2 KipimoKwanza

Sahani haijadanganya, ila umeiuliza swali lingine.

CMC inaona endoglukanasi tu. Congo red inashika mnyororo mrefu wa selulosi, endoglukanasi ikikata katikati mnyororo unakuwa mfupi na rangi inaondoka. Selobiohidrolasi inatafuna kutoka mwishoni, na kwenye CMC ule mwisho umezibwa na vikundi vya kaboksimethili, kwa hiyo haifiki mbali. Karatasi ya chujio ni kinyume chake: pale mfanyakazi mkuu ni CBHI (selobiohidrolasi ya kwanza), na huyo peke yake ni takribani 60% ya protini yote ambayo Trichoderma reesei inatoa nje. Unaweza kupata mutanti yenye endoglukanasi nyingi kweli na FPU isitikisike.

La pili ni huo uwiano wako. Duara ukigawa kwa koloni, kila koloni iliyodumaa inaonekana bingwa. UV inazalisha vilema wengi kuliko mabingwa, na kilema anayekua polepole lakini anatoa kimeng'enya cha kawaida atakuwa na uwiano mkubwa. Pima duara lenyewe kwa milimita, na pembeni andika kipenyo cha koloni. Ukiona kumi na moja zako zote ni ndogo kuliko mzazi, umeshajua.

Badilisha CMC. Tumia selulosi iliyovimbishwa kwa asidi ya fosforiki, 0.5% hadi 1%, ambayo inafanya agari kuwa na ukungu mweupe. Pale koloni ikisafisha, timu nzima ya vimeng'enya imefanya kazi, na huhitaji rangi yoyote.

#3 Chembe_Hai

"UV inazalisha vilema wengi kuliko mabingwa." Hii ibandikwe mlangoni mwa kila maabara.

#4 MzeeWaAgari

KipimoKwanza kasema kweli kuhusu CMC, lakini tatizo linaanza mapema zaidi. Mwanagenzi, sioni mahali ulipotaja giza.

Spora ikitoka chini ya taa ya UV ina majeraha kwenye DNA, vipande viwili vya thimini vimegandana. Kuvu ana kimeng'enya cha kurekebisha jeraha hilo, na kinatumia mwanga wa kawaida, hasa wa bluu. Ukibeba sahani juani au chini ya taa ya chumba, nusu ya kazi yako inafutwa ndani ya saa moja. Taa nyekundu tu, foili kwenye sahani, saa 24 za kwanza gizani.

Halafu spora za kuvu zina viini vingi. Kiini kimoja kimebadilika, vitatu havijabadilika, koloni inayoota ni mchanganyiko. Ukihamisha mara mbili, wale wazima wanawameza waliobadilika. Ndiyo maana chupa imekurudishia mzazi.

#5 UkunguWaKijani

Mzee, kwenye giza niko nawe. Kwenye viini umechanganya koo mbili. Spora za Trichoderma reesei zina kiini kimoja. Aspergillus niger vilevile, kwa sehemu kubwa. Wenye viini vingi ni Aspergillus oryzae na sojae, wale wa koji, ya kuchachusha mchele na soya. Huko ndiko mutanti zinageuka usiku na mchana.

Ila hitimisho lako linaweza kusimama kwa sababu nyingine. Jeraha la UV liko kwenye uzi mmoja wa DNA kati ya miwili. Kiini kikigawanyika mara ya kwanza bila kurekebisha, binti mmoja anabeba mabadiliko na mwingine anabaki kama mzazi, na wote wako kwenye koloni moja. Kwa hiyo hata spora ya kiini kimoja inaweza kutoa koloni yenye mabaka. Dawa ni kusafisha: chukua spora kutoka koloni, zimua hadi sahani iwe na koloni 20 hadi 50, chagua moja, rudia. Mara mbili ni chini kabisa, mara tatu ndiyo unalala usingizi.

#6 MzeeWaAgari

Nimepokea sahihisho. Koji ndiyo iliyonizoesha vibaya.

#7 FundiTangi

Mimi nauliza kitu kimoja tu: pH siku ya 3 ilikuwa ngapi?

Mchuzi wa Mandels una amonia salfati gramu 1.4 kwa lita. Kuvu anakula amonia, anaacha asidi. Chupa isiyo na bafa inaanza 5, kufikia siku ya 2 au ya 3 inaweza kushuka chini ya 3, na selulasi inaanza kufa ndani ya mchuzi wake mwenyewe. Sasa fikiria: mutanti yako inakua kwa nguvu kuliko mzazi, inateremsha pH haraka kuliko mzazi, inaua kimeng'enya chake haraka kuliko mzazi. Siku ya 7 unapima, wote sawa. Chupa imewalazimisha kuwa sawa.

Weka bafa ya fthalati ya potasiamu mM 100, pH 5, au simama na chupa: pima asubuhi na jioni, rudisha 4.8 kwa amonia ya maji. Na usipime siku ya 7 peke yake. Chota ml 1 siku ya 3, 4, 5, 6 na 7, utaona mstari badala ya nukta.

Jingine ambalo watu hawaliandiki: maji yanaruka. Siku 7 kwenye mashine ya kutikisa, chupa yenye kizibo cha pamba kilicholegea inapoteza mililita kadhaa kati ya 50. Iliyopoteza zaidi inaonekana ina kimeng'enya kingi. Pima uzito wa chupa siku ya kwanza, ongeza maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu hadi uzito uleule kabla ya kuchota.

#8 Mama_Pipeti

Kaka Mwanagenzi, eleza FPU yako uliifanyaje, maana hapo ndipo wengi wanajikwaa.

Utaratibu ni huu: ukanda wa Whatman namba 1 wa sm 1 kwa 6, miligramu 50. Bafa ya sitrati 0.05 M pH 4.8, ml 1. Kimeng'enya kilichozimuliwa ml 0.5. Nyuzi 50, dakika 60 kamili. DNS (kemikali ya kupima sukari) ml 3, chemsha dakika 5 kwenye maji yanayotokota kweli, poza, zimua, soma nm 540. Ukanda uzame wote, ukielea juu umepoteza.

Sasa mtego. FPU si mstari ulionyooka. Sehemu laini ya karatasi inaliwa kwanza, inayobaki ni ngumu, kwa hiyo kimeng'enya mara mbili hakitoi sukari mara mbili. Ndiyo maana kipimo kinadai ufike mg 2.0 za glukosi: unaandaa mazimuo mawili, moja litoe juu kidogo ya mg 2, jingine chini kidogo, unachora mstari, unapata ukolezi unaotoa mg 2.0 kamili, kisha 0.37 gawanya kwa ukolezi huo. Mtu akitumia zimuo moja kwa nasaba zote na kusoma moja kwa moja, mutanti yenye nguvu itaonekana imezidi mzazi kidogo tu, au haijazidi kabisa, kwa sababu iko kwenye sehemu ya juu ya mkunjo ambako karatasi imegoma.

#9 Mwanagenzi_Moro

Shukrani. Zimuo lilikuwa moja, mara 2, kwa zote. pH haikupimwa katikati. Spora baada ya UV zilikaa mezani kama dakika 20 na taa ya chumba imewaka. Nakusanya makosa.

#10 Chembe_Hai

Endelea kukiri, uzi bado mchanga.

#11 KipimoKwanza

Naongezea kwa Mama_Pipeti. Trichoderma reesei ina upungufu wa beta-glukosidasi, kimeng'enya kinachokata selobiosi (sukari ya glukosi mbili) kuwa glukosi. CBH ikifanya kazi nzuri inamwaga selobiosi, selobiosi inarudi kuiziba CBH yenyewe, na isitoshe DNS haiisomi selobiosi sawa na glukosi. Mutanti inaweza kuwa na CBH mara mbili na FPU ikapanda kwa kidogo sana kwa sababu mlango wa kutokea ni uleule. Jaribio ni rahisi: fanya FPU mara mbili, moja kawaida, moja ukiongeza beta-glukosidasi ya Aspergillus kwa wingi. Namba zikiachana hapo, umepata jibu. Pima pia protini kwa rangi ya Bradford kwenye maji ya juu baada ya sentrifuji. Protini imepanda na FPU haijapanda, hiyo ni habari nyingine kabisa.

#12 DadaLaktosi

Wakuu wote mnazungumzia kipimo. Mimi naona uchaguzi wenyewe haukuwa na shinikizo.

Agari yake ina CMC bila glukosi. Chupa yake ina selulosi bila glukosi. Glukosi ndiyo breki: ikiwepo, kuvu anaacha kutoa selulasi. Hapo mzazi tayari amefunguliwa breki, anazalisha kwa uwezo wake. Mutanti iliyopoteza breki ya glukosi itafanana na mzazi, kwa sababu breki haikukanyagwa. Ukitaka kumwona asiye na breki, kanyaga breki: weka selulosi iliyovimbishwa pamoja na gliseroli 5%, au 2-deoksiglukosi (sukari inayofanana na glukosi lakini kuvu hawezi kuila). Mzazi atanyamaza, asiye na breki ataendelea kusafisha agari.

Ndivyo RUT-C30, nasaba maarufu ya selulasi nyingi, ilivyopatikana pale Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, kwa watafiti Montenecourt na Eveleigh. Hatua tatu: QM6a, nasaba ya porini, ikapigwa UV ikatoa M7, M7 ikatiwa nitrosoguanidini (kemikali ya kubadilisha jeni) ikatoa NG14, NG14 ikapigwa UV tena na kuchaguliwa kwa 2-deoksiglukosi, ikatoka RUT-C30 mwaka 1979. Baadaye ikaonekana jeni ya cre1, ambayo ndiyo breki yenyewe, imekatika.

Kipimo cha 2-deoksiglukosi: anza gramu 0.5 kwa lita, panda na kushuka hadi upate kiwango ambacho mzazi haoti kabisa au anaota bila kusafisha. Usinakili kiwango cha mtu, kinategemea chakula kingine kwenye agari.

#13 UkunguWaKijani

Dada, historia iko sawa ila usiipe cre1 sifa zote. NG14 ilikuwa tayari inatoa protini nyingi kuliko QM6a, na cre1 yake ni nzima. Kilichopotea kwenye NG14, na RUT-C30 ikarithi, ni kipande cha DNA cha kilobesi 85 chenye jeni 29, na pia kuna hitilafu kwenye jeni ya glukosidasi II, ile inayopunguza sukari kwenye protini zinazotoka nje. Kwa hiyo breki ni sehemu ya hadithi. Ukifuta cre1 peke yake kwenye QM6a hupati RUT-C30.

Na 2-deoksiglukosi nayo ina mlango wa nyuma. Kuvu inaweza kuistahimili kwa kukataa kuiingiza, au kwa kutoiwekea fosfati. Hizo zitaota vizuri kabisa kwenye sahani yako na breki iko palepale. Ndiyo maana lazima selulosi iwe kwenye sahani hiyohiyo: anayeota bila kusafisha, tupa.

#14 Pumba_za_Ngano

Kwa wasiojua, QM6a ilitoka kwenye turubai iliyokuwa inaoza kisiwani Bougainville, visiwa vya Solomon, wakati wa vita ya pili. Jeshi la Marekani lilikuwa linapoteza mahema na mikanda kwa ukungu. Wanasayansi wake Reese na Mandels walitaka kuzuia uharibifu, wakaishia kufuga mharibifu. QM ni kifupi cha idara ya ugavi ya jeshi. Iliitwa Trichoderma viride hadi 1977 ilipopewa jina la Reese.

Nasaba karibu zote za viwandani za kuvu huyu zinatokana na ile turubai moja. Wenye viwanda sasa wanavuka gramu 100 za protini kwa lita.

#15 Lushois

Bandugu, jambo. Tangu juu munaandika Congo red, Congo red. Hii rangi inatoka kwetu ama?

#16 Pumba_za_Ngano

Haina hata tone la Kongo, ndugu. Ni rangi ya kutengenezwa Ujerumani. AGFA ya Berlin iliiingiza sokoni 1885, mkutano wa kugawana Afrika ukiwa ndio kwanza umefanyika mji huohuo. Jina lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, wauza rangi wakalichukua.

#17 Lushois

Basi na jina walichukua. Sawa.

Lakini nirudie kwenye kazi. Mwanagenzi, koloni ulichukua mbele ya kumwaga rangi ama nyuma yake?

#18 Mwanagenzi_Moro

Baada. Kitanzi kiligusa koloni yenye duara, kikapeleka PDA.

#19 Lushois

Njo ile. Ukimwaga mililita 10 za maji kwenye sahani yenye koloni za siku 4 zilizoanza kutoa spora, spora zote zinaogelea. Halafu ukamwaga chumvi, zikaogelea tena. Ile uliyochukua kwenye koloni namba 7 ina spora za namba 7, na za jirani zake wote. Mutanti iliyodhoofika ikishindana na jirani mzima kwenye PDA, jirani anashinda.

Kabla ya rangi, hamisha kwanza. Kijiti kimoja kwa kila koloni, gusa sahani A, gusa sahani B, mahali palepale pa gridi. A inapakwa rangi na kutupwa, B inabaki safi. Kama koloni ni 600, gridi ya 50 kwa sahani, ni sahani 12 za A na 12 za B, na mchana mmoja.

#20 MzeeWaAgari

Hii naiweka juu ya zote, hata juu ya giza langu.

#21 FundiTangi

Sikubali haraka hivyo. Spora zikichanganyika, tungetarajia hizo 11 ziwe mchanganyiko wa mutanti na majirani, na baadhi angalau zibaki na alama. Lakini mbili kati ya 11 ziko chini ya mzazi, kwa hiyo kuna zilizobeba mabadiliko yake salama hadi chupani. Mchanganyiko hauelezi zote.

#22 KipimoKwanza

Naweza kuwaeleza wote kwa hesabu bila kuvu yeyote. Ukipima vitu 600 kwa kipimo chenye kelele na kuchukua 11 za juu, umechukua wenye bahati pamoja na wenye uwezo. Kipimo cha pili bahati inaondoka. Hata kama ungepanda spora 600 za mzazi bila kuwasha taa, ungepata 11 zenye duara kubwa: ya pembeni mwa sahani, ya mahali agari ni nyembamba, iliyoota peke yake bila jirani. Swali ni je, sahani za mzazi ambazo hazikupigwa UV zilikuwa ngapi? Kama ni moja, huna mizani.

Weka mzazi kwenye kila sahani. Agari iwe ujazo uleule, ml 20 kwa pipeti, si kwa jicho. Kwenye chupa, kila nasaba chupa 3, mzazi chupa 6. Chupa za kutikisa zinaachana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usishangilie tofauti ndogo.

#23 DadaLaktosi

Na idadi ya spora zinazoingia chupani. Mutanti nyingi zinatoa spora chache. Ukikata kipande cha agari cha mm 5 na kutumbukiza, mzazi ameingia na mamilioni, mutanti imeingia na maelfu. Mwanzo mdogo unatoa vidonge vikubwa vya nyuzi, katikati yake hakuna hewa, na kimeng'enya kinachelewa siku 2. Hesabu spora, zote zianze na milioni 1 kwa mililita ya mchuzi. Isiyotoa spora za kutosha, ianzishe kwa chupa ndogo ya glukosi saa 36 hadi 48, kisha hamisha 10% ya ujazo.

#24 Mkeka_wa_Pwani

Naomba kuuliza, ukubwa wa dozi mnauonaje? 97% si nyingi? Nimezoea kusoma 99.9%.

#25 UkunguWaKijani

Zamani waliua 99.9% wakiamini anayebaki amebadilika sana. Kweli amebadilika, lakini mara kumi, na tisa ni hasara. Anaota polepole, hatoi spora, anadai vitamini. Kwa kuvu huyu hasara ni ngumu kuifuta kwa kuzalisha: QM6a na kizazi chake chote ni jinsia moja ya kupandana, MAT1-2, hawawezi kupandana wao kwa wao. Mwaka 2009 ndipo ikaonyeshwa kwamba wanaweza kuvuka na MAT1-1, jinsia ya pili, wa porini, na hata hapo QM6a anafanya kazi ya dume tu.

Dozi ya kuua 70 hadi 90%, uchaguzi mkali, kisha mzunguko wa pili na wa tatu. Hatua ndogo nyingi.

#26 MzeeWaAgari

Sitakubali. 70% na uchaguzi wa koloni 600 hupati kitu, utahitaji maelfu. Mwenye roboti anaweza kuua kidogo na kuchagua wengi. Mwenye vijiti vya meno na mwanafunzi mmoja aue 95 hadi 99%. 97% yake naiona nzuri.

Ila hiyo 97% si ya kudumu. Taa ya UV inachoka kabla haijazimika. Iwashe dakika 20 kabla, na kila siku ya kazi chora mkunjo wa vifo upya: dakika 0, 2, 4, 6, 8. Tikisa sahani ikiwa chini ya taa, maana spora za kijani zinafunikana kivuli. Usisuuze spora kwa maji yenye peptoni, inanyonya UV. Miwani na glavu, macho hayana nasaba ya akiba.

#27 Mkeka_wa_Pwani

Na nitrosoguanidini? Inasemekana ni kali kuliko UV.

#28 Mama_Pipeti

Ni kali kwa kuvu na kwako pia, inasababisha saratani. Bila kabati la kuvuta hewa na utaratibu wa taka, usiiguse. Na mtu asithubutu kuimwagia magadi au alkali nyingine kali akidhani anaisafisha: inatoa diazomethani, gesi yenye sumu inayoweza kulipuka. UV inatosha kwa kazi hii.

#29 Kuku_wa_Mayai

Wakuu, nje ya mada kidogo. Naweza kufuga Aspergillus kwenye pumba nyumbani nipate fitasi (kimeng'enya cha kufungua fosforasi ya nafaka) ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku?

#30 Pumba_za_Ngano

Hapana. Baadhi ya nasaba za Aspergillus niger zinatengeneza okratoksini A na fumonisini, na huzioni kwa macho. Viwandani nasaba inapimwa sumu kwanza, kimeng'enya kinatenganishwa na kuvu, ndipo kinauzwa. Wewe utawalisha kuku kuvu mzima, na vumbi la spora litaingia mapafuni mwako. Nunua kilichopimwa.

#31 Kizazi_Kipya

Nasoma nashangaa. Miaka hii bado mnapiga UV na kuhesabu maduara? Jeni zinajulikana. Futa cre1, badilisha asidi amino moja kwenye xyr1 (jeni inayowasha selulasi), alanini ya 824 iwe valini, uzalishaji hausubiri tena kuamshwa kama kwa mzazi. Kwa CRISPR, mkasi wa jeni, ni wiki chache.

#32 UkunguWaKijani

Na hiyo alanini 824 ilijulikanaje? Ilikutwa kwenye mutanti iliyopatikana kwa njia ya kubahatisha, watu wakaisoma baadaye. Hakuna aliyekaa mezani akawaza kwamba glukosidasi II ingefaa kuguswa. Bahati nasibu inafungua mlango, wewe unaingia na ufunguo.

Tena nasaba ya UV, kwa sheria za Ulaya kwa mfano, haiingii kwenye masharti ya viumbe waliobadilishwa jeni. Ya CRISPR inaingia. Kwa mwenye kutaka kuuza, hiyo ni tofauti ya miaka ya makaratasi.

#33 Kizazi_Kipya

Nakubali nusu.

#34 Mama_Pipeti

Hakuna aliyetaja uhifadhi. Mwanagenzi, kati ya sahani na chupa ulihamisha mara ngapi? Nasaba zenye uzalishaji mkubwa zinachoka zikihamishwa PDA hadi PDA. Kwenye glukosi nyingi, anayezalisha sana hana faida, anayezalisha kidogo anakua haraka, na wewe unahamisha ukingo wa koloni, yaani unachagua wenye mbio. Koloni ikisafishwa tu, siku hiyohiyo spora ziende kwenye gliseroli 20%, nyuzi hasi 80, mirija 20. Kila jaribio lianze na mrija mpya.

#35 Mwanagenzi_Moro

Mara nne, PDA.

Nimerudia chupa za mutanti zote kumi na moja na mzazi, safari hii na pH, bila bafa. Siku ya 4 chupa nyingi ziko kati ya 2.8 na 3.1, mzazi 2.9. FundiTangi ana haki yake. Ila namba 7 imebaki 4.1. FPU kwa mazimuo mawili kama alivyoeleza Mama_Pipeti: namba 7 bado imelingana na mzazi.

#36 FundiTangi

Namba 7 imebaki 4.1 na bado sawa? Hapo hoja yangu imeumia. Labda inakua kidogo, kwa hiyo inakula amonia kidogo. Pima uzito mkavu, au glukosamini (iliyomo kwenye ukuta wa kuvu) kama selulosi iliyobaki inakusumbua. Ikiwa nyuzi za kuvu ni nusu ya mzazi na FPU ni ileile, basi kwa kila gramu ya kuvu inatoa mara mbili, na hiyo tangini ni mali.

#37 KipimoKwanza

Au haikutumia selulosi yote, na FPU ya siku ya 7 bado inapanda. Iache hadi siku ya 10.

#38 Lushois

Ama mule ndani muko mbili: namba 7 na jirani yake. Isafishe kwanza.

#39 Chembe_Hai

Mwanagenzi weka picha ya sahani ya namba 7, tuone ukubwa wa koloni. KipimoKwanza aliomba tangu #2 na hukumjibu.

#40 Mwanagenzi_Moro

Duara mm 14, koloni mm 6. Mzazi sahani ileile duara mm 15, koloni mm 10.

#41 KipimoKwanza

Duara la mzazi ni kubwa kuliko la "bingwa". Nilisema.

#42 FundiTangi

Koloni ya mm 6 imetoa karibu kimeng'enya cha koloni ya mm 10. Nami nilisema.